Ufuta wa Shangazi na Vita Vyangu Dhidi ya Uchina

Jumatatu, 14 Julai 2025

Makomredi! Wana wa jembe, wana wa pwani, ndugu zangu katika mapambano yasiyojua likizo! Naam, natambua kwamba hii ni shajara na kwamba anayenisikiliza ni daftari peke yake. Haidhuru. Nimewahi kuhutubia hadhira hafifu kuliko hii.

Nimerudi jana kutoka chuo kikuu, miaka miwili ya Taaluma za Maendeleo ikiwa kichwani. Leo asubuhi nimekwenda Makurunge kumwamkia Shangazi Mwanamvua. Shikamoo, marahaba, hujambo na masomo. Nimemkuta shambani na wenzake sita wa kikundi, miganda ya ufuta imesimamishwa safu kwa safu, mikavu, tayari kukung'utwa. Moyo ukajaa fahari.

Kisha nikaliona.

Turubai! La plastiki, la buluu, pana kama uwanja wa mpira wa wavu, limekunjwa kando likisubiri ufuta umwagwe juu yake. Nikapekua pindo. Limetengenezwa Uchina!

Tafakarini, makomredi. Ufuta huu unakwenda wapi? Uchina. Unakwendaje? Ghafi, ndani ya gunia, kama ulivyotoka mgandani. Na kutoka huko kinarudi nini? Turubai la kukung'utia ufuta mwingine wa kuwapelekea! Sisi tunatoa chakula, wao wanatoa plastiki, na kila mwaka tunafunga safari kwenda kuomba tuuziwe nyingine. Mhadhiri wangu huuita utaratibu huu mabadilishano yasiyo sawa. Mimi nauita dharau.

Nimewaeleza wanawake wale kwa dakika arobaini. Walisikiliza kwa utulivu mkubwa. Wawili kati yao walisikiliza wakiwa wamelala. Nilipomaliza, Shangazi akauliza kama nimekunywa chai.

Halafu akanipa habari iliyoniondolea hamu ya chai. Ukoo umeketi baada ya Idi. Dalali wa viwanja kutoka Mapinga anakuja kila wiki na ramani yake, na ndugu kadhaa wameanza kumpokea kwa juisi. Baba yangu, Mzee Mwishehe, ndiye mkubwa wa ukoo, naye amekata shauri: ufuta wa msimu huu ukipokelewa katika ghala la ushirika na kuingia mnadani, shamba linabaki mikononi mwa Shangazi. Usipopokelewa, linakatwa viwanja. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa ya tarehe ishirini na tano.

Shangazi amelima pale miaka thelathini na mmoja. Aliyasema haya bila kupandisha sauti. Akamalizia kwamba huko chuoni nifanye nipendavyo, lakini turubai lake nisiliguse.

Nimeapa kulitetea shamba lile hadi tone la mwisho. Kwa misingi sahihi ya kinadharia.

Jumanne, 15 Julai

Nimeunda chombo! Umoja wa Vijana wa Biashara ya Haki Pwani, kwa kifupi UVIBIHAPWA. Mwenyekiti: mimi. Katibu: Hajra, niliyesoma naye sekondari, ambaye amehitimu ualimu na anasubiri ajira kwa hiyo ana nafasi. Hajra aliuliza tunapigania nini hasa. Nikamjibu: usawa wa biashara baina ya mataifa mawili. Akauliza kama mataifa hayo mawili yamearifiwa.

Ana akili, Hajra. Ila hana moto.

Sasa niandike kuhusu Muataz, ingawa kalamu inakataa. Muataz ana duka hapa Dunda, la baba yake na babu yake kabla yake. Ndani: mabeseni, makarai, betri, tochi, maturubai. Yote ya kule kule. Tulikuwa naye katika klabu ya mdahalo shuleni. Alinishinda fainali. Mimi nilitumia dakika kumi na mbili na nukuu tisa. Yeye alitumia dakika mbili na akamshukuru mpishi wa shule. Sijamsamehe.

Nimesimama mlangoni mwake, mbele ya wateja, nikamtaka asitishe mara moja uingizaji wa maturubai kwa maslahi ya taifa. Akaniagizia kahawa. Akasema kwa upole, ule upole wake wa kuudhi, kwamba yeye hana ugomvi: mimi, ndugu yake Bilali, nimletee turubai la ukindu, lisilopitisha vumbi, atalitundika mbele ya duka na Wachina watalisahau. Wateja wakacheka. Kisha akauliza kama ile spika yangu ya mkononi ingali inafanya kazi, kwa sababu nilipoinunua kwake aliniahidi miezi sita tu.

Niliondoka bila kumaliza kahawa. Karibu yote, lakini si yote.

Hata hivyo, adui amenipa silaha! Ukindu! Mababu zetu walianikia nini kabla ya plastiki? Majamvi! Zao la mikono ya mama zetu, lisilolipiwa ushuru bandarini!

Na majamvi yapo. Yapo nyuma ya nyumba yetu hapa Dunda, uani kwa Bi Kibibi, mwanamke mwenye heshima zake anayekausha ng'onda na uduvi tangu sijazaliwa. Nimekulia katika ua ule. Tangu mwaka jana anaanika samaki wake juu ya vichanja vya wavu, na majamvi yake kumi na moja yamelala ukutani bila kazi. Nimemwomba aniazime kwa ajili ya ukombozi wa uchumi. Akasema chukua baba, chukua yote, peleka mbali. Alilirudia neno "mbali" mara tatu.

Ukarimu wa watu wa pwani haujafa!

Jumatano, 16 Julai

Siku ya kihistoria. Shangazi na kikundi chake wamekwenda Kaole kwenye shughuli ya harusi na watarejea kesho. Mimi nimeachiwa ulinzi wa miganda. Mimi!

Majamvi yamefika Makurunge kwa guta la matairi matatu. Dereva alisafiri njia nzima amejifunga shati puani. Vumbi la barabara ile ni baya sana. Nimeliingiza katika orodha ya malalamiko kwa halmashauri.

Tumeyatandika yote kumi na moja, mimi na Hajra. Hajra aliuliza mara mbili kama nina hakika na majamvi haya. Nikamwambia sijawahi kuwa na hakika zaidi. Akasema ndiyo maana anauliza.

Likabaki turubai. Kulirudisha kwa Muataz? Kamwe. Kulificha? Tabia ya woga. Nikakumbuka kwamba wapigania haki wa kweli huiteka silaha ya adui na kumgeuzia. Nimelikata vipande kumi na vinne na kuvifanya mabango! "UFUTA WETU, KIWANDA CHETU." "HATUTAKI VYA UCHINA." Rangi nyekundu juu ya buluu. Yanapendeza mno.

Hajra ametaka iandikwe katika kumbukumbu kwamba katibu alipinga kukatwa kwa turubai na kwamba yeye alishika brashi tu. Imeandikwa. Amebainisha pia kwamba kwenye bango la pili, chini ya kauli mbiu, chapa ya kiwanda bado inasomeka vizuri. Nimemweleza kwamba huo ni ukinzani wa kihistoria na kwamba unatatuliwa polepole. Ameuliza kama mkasi nao unatatuliwa polepole, kwani ubavuni mwake amesoma neno Uchina.

Alhamisi, 17 Julai

Shangazi amerudi. Alisimama ukingoni mwa shamba na kanga yake ya shughuli, akatazama majamvi, akatazama mabango. Akaikaza kanga kiunoni. Kisha akaanza.

Sitayanukuu yote, shajara hii huenda ikasomwa na vizazi. Kwa ufupi: aliniita kwa jina langu, la baba yangu na la babu yangu. Aliuliza kama ada inayolipwa chuoni inarudishwa mtu akiharibika. Alisema kwamba turubai lile lilikuwa mali ya wanawake saba, na kwamba leo amejifunza wa nane, aliyeachiwa kulilinda, alikuwa mjinga.

Nikampa zawadi ya amani: fungu la ng'onda kutoka kwa Bi Kibibi. Hapo dunia ikatulia kidogo. Wakaipika na tui la nazi pale pale shambani, na kwa kuwa miganda ilishakauka na haikuweza kusubiri turubai jingine, baada ya kula wakaanza kukung'uta juu ya majamvi. Mganda unageuzwa, unagongwa, ufuta unamwagika mweupe. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo! Hakuna hata uzi mmoja wa kigeni kati ya mbegu na ardhi!

Mama mmoja alisema anasikia harufu ya samaki. Shangazi akamjibu kwamba wametoka kula samaki sasa hivi, alitaka asikie harufu ya asumini? Wote wakacheka, nami nikacheka. Mimi binafsi sikusikia chochote.

Paka wanne wamekuja kutoka vijijini na kulala juu ya jamvi la katikati. Wakafukuzwa, wakarudi. Nimeguswa sana. Hata mnyama anatofautisha kitu cha asili na plastiki.

Jumamosi, 19 Julai

Ufuta umepepetwa, umefungwa. Magunia kumi na manane. Paka sasa ni tisa.

Jumatatu, 21 Julai

Leo mhadhara wa hadhara Dunda, karibu na kijiwe cha bodaboda. Mahudhurio: kumi na mmoja, ambao saba walikuwa wakisubiri abiria. Nilisoma Azimio la Makurunge, ibara kumi na nne. Hajra alikuwa amelichapa na kulipunguza hadi ibara mbili. Nikaanza kuzitamka zile kumi na nne kwa kichwa. Nilifika ibara ya sita, inayoitaka Uchina isimamishe mara moja viwanda vyake hadi vyetu vitakapovifikia, pale manyunyu yalipoanza. Vijana wakanyanyua mabango. Nilidhani ni shamrashamra. Wakafunika viti vya pikipiki. Kipande cha mwisho amekichukua mama muuza vitumbua. Kinamfaa, kinafunika kikaango na meza.

Muataz alipita. Baadaye akanitumia ujumbe wa kunijulisha kwamba nikihitaji maturubai ya kugawa tena, bei ya jumla ipo.

Dharau! Dharau iliyopangwa, iliyofungashwa na kuingizwa nchini kwa kontena!

Jumatano, 23 Julai

Leo kalamu imetoboa karatasi mara mbili. Kwa hasira, si kwa jambo jingine.

Tumefika ghalani saa mbili asubuhi, Shangazi akiwa mbele, amevaa baibui lake la sikukuu. Mpokeaji mazao, mtu mfupi mwenye kalamu sikioni, akachukua bambo, lile bomba la chuma lenye ncha la kutolea sampuli, akachoma gunia la kwanza. Ufuta ukachuruzika kiganjani mwake. Akautazama: mweupe, mkavu. Akaridhika. Akaupeleka puani.

Akamwita mwenzake. Mwenzake akanusa, akamwita wa tatu. Wa tatu akauliza kama leo kuna wali.

Mpokeaji akamgeukia Shangazi na kumuuliza kwa adabu zote: mama, huu ni ufuta au ni kitoweo?

Walichoma magunia yote kumi na manane. Yote! Akasema hawezi kuupokea, kwa sababu ukilala humo siku mbili, ufuta wa wakulima wote utanuka ng'onda, na shehena nzima itakataliwa na mnunuzi kabla haijaona meli. Akasema anasikitika. Alionekana kusikitika kweli, jambo lililonikera zaidi.

Nikapanda juu ya mzani. Nikawaambia wakulima waliokuwa foleni kwamba wanashuhudia kwa macho yao kikwazo cha kibiashara kisicho cha kiforodha, kile kile kinachoelezwa vitabuni: mataifa makubwa hutuuzia wanachotaka, lakini chetu kikifika mlangoni mwao kinanuswa! Nani amenusa mabeseni yao? Nani amechoma turubai lao kwa bambo? Bibi mmoja wa makamo akasema mwanangu, mimi sijui Uchina, lakini hata hapa nyuma ninakusikia. Nikataka uthibitisho wa kisayansi. Paka wa ghalani akaruka kutoka dirishani, akatua juu ya gunia letu, akaanza kulikwaruza kwa kucha.

Mpokeaji akasema huyo ndiye maabara yetu.

Njia nzima ya kurudi Shangazi hakunitukana. Heri angenitukana. Aliuliza swali moja tu: majamvi yale yalikuwa ya nani? Nikamjibu. Akafumba macho. Akasema Bi Kibibi. Wa ng'onda. Akasema naye amezaliwa Dunda, nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Kibibi, ndiyo maana pua yake nayo haikumwambia kitu. Sasa pua mbili za Dunda zimempotezea shamba.

Nimeona anavyolitazama lile shamba kutoka ndani ya guta. Sijaweza kuandika hotuba kuhusu hilo.

Alhamisi, 24 Julai

Huzuni ni anasa ya mabepari. Kazi!

Dalali wa Mapinga amekuja tena. Safari hii hakuja na ramani tu, amekuja na kamba na vigingi. Amenisalimia "kijana wangu" na kuniambia kwamba pale penye kisima patafaa duka la dawa. Ghala linafunga kesho. Kwa hiyo nimewaza kwa kina, kisayansi: tatizo ni harufu. Harufu huondolewa na nini? Bibi arusi hutolewaje harufu ya moshi wa jikoni? Nguo za Idi hutolewaje harufu ya sanduku?

Udi!

Nimekwenda kwa mama yake Hajra, nikaazima chetezo na kuomba udi mzito, ule wa kufukizia maharusi. Aliuliza nani anaolewa. Nikamwambia ni siri ya kitaifa. Akaniombea dua.

Nimefukiza magunia matatu ya majaribio, ndani ya chumba kilichofungwa, kwa saa tano. Nilitokwa na machozi, nikakohoa, shati langu sasa linaweza kuposa peke yake. Hajra alichungulia dirishani na kusema kwamba haulizi tena kama nina hakika.

Ijumaa, 25 Julai

Ghalani tena, na yale magunia matatu. Mpokeaji akachoma, akanusa. Akanusa tena, macho yamefumbwa, kama mtu anayekumbuka jambo la utotoni. Kisha akatangaza kwa foleni nzima: juzi ufuta huu ulikuwa soko la samaki, leo umeolewa.

Hadi mlinzi alicheka. Bibi wa juzi alipiga kigelegele! Kigelegele! Mahali pa kazi pa umma!

Nilitaka kukata rufaa. Hakuna pa kukatia. Saa kumi jioni mlango wa ghala ulifungwa, magunia kumi na manane ya Shangazi yakiwa nje ya mnada, na Baba akapiga simu kuniarifu, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu, kwamba ukoo unaketi kesho shambani. Akasema na wewe uje, ukae mahali ninapokuona.

Jumamosi, 26 Julai

Niandike kwa utaratibu, maana leo yametokea mambo yanayopingana na nadharia zote ninazozijua.

Ukoo ulifika saa nne. Baba, baba zangu wadogo watatu, dalali na vigingi vyake. Na Muataz! Nikadhani amekuja kunisanifu na kunicheka. Kumbe alikodiwa na Baba kuleta viti na turubai la kivuli. La buluu. Nilikaa juani kwa kupinga.

Shangazi hakuja kikaoni. Alikuwa jikoni na Bi Kibibi, na kwa muda mrefu tulisikia kinu tu. Baba akafungua kikao kwa dua, akasema neno lilikuwa neno, ghala limekataa, hakuna haja ya kurefusha. Dalali akafungua ramani. Ndipo Shangazi akatoka na sinia la muhogo wa kuchemsha na bakuli kubwa la kitu cha rangi ya mchanga uliolowa. Akasema kwamba kabla ya kumkatia shamba wale chumvi yake.

Baba akachovya muhogo. Akatafuna. Akachovya tena. Akasahau alichokuwa akisema. Baba mdogo wa kwanza akachovya, akasogeza kiti. Dakika kumi hivi hakuna mtu aliyezungumza, na katika ukoo wetu hilo halijatokea tangu nizaliwe. Dalali alikuwa ameweka ramani chini ili apate mikono miwili.

Baba akauliza ni kitu gani hiki. Shangazi akasema ni ule ufuta uliokataliwa. Alikuwa amekaa nao jana usiku akiutazama, akajiambia huu unang'ang'ania kunuka samaki, basi na aupate samaki wenyewe. Akamwita Bi Kibibi alete uduvi wake na, akasema, aje kulipa kwa mikono yake yale aliyoyapeleka mbali. Wakaukaanga ufuta, wakatwanga pamoja na uduvi, pilipili, chumvi na ndimu. Bi Kibibi aliinama akimimina maji ya kunawa na kusema kwamba yeye aliombwa majamvi, hakuulizwa historia yake.

Muataz akachovya mara mbili, taratibu, kama anayepima kitambaa. Akamuuliza Shangazi, kwa shikamoo na heshima zote, kama anaweza kutwanga magunia yote. Akasema kule Mapinga zimejaa nyumba za watu wa mjini wanaorudi kazini wamechoka, wakitaka kitu cha kutowelea wali bila kupika. Yeye ana makopo. Ana gari. Alihitaji dakika mbili, kama kawaida yake.

Yale magunia matatu ya udi? Wapambaji wa maharusi, walioambiwa na mama yake Hajra, wameshayachukua kusagia singo ya kusugulia mwili. Wanasema wamepata ufuta ambao umeshafanyiwa nusu ya kazi. Paka hawakutajwa.

Baba akawatazama nduguze, akalitazama bakuli tupu. Akasema lengo halikuwa ghala, lengo lilikuwa shamba kujilipa. Na kama linajilipa kwa kinu badala ya mnada, yeye haoni kosa. Dalali akakunja ramani na kuomba afungiwe kidogo kwenye jani. Shangazi akajifuta uso na upindo wa kanga. Alidai ni pilipili.

Nami nikasimama kushangilia. Nilikuwa nimefungua kinywa kwa ibara ya kwanza ya pongezi, Baba alipoinua mkono. Ana azimio moja la mwisho, akasema, na limepita kwa kauli moja: shamba linabaki kwa Mwanamvua, kwa sharti kwamba Bilali asikanyage humo hadi msimu ujao uvunwe, upepetwe na kuuzwa. Akauliza kama kuna anayepinga.

Nilipinga. Sikuandikwa.

Jumatatu, 28 Julai

Vikwazo! Hebu tuliite jambo kwa jina lake. Nimewekewa vikwazo na ukoo wangu mwenyewe! Mtetezi wa shamba amezuiwa kuingia shambani! Nimewapelekea barua ya kupinga. Baba amerudisha bahasha na kuuliza kama nimeshaoga ule udi.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni hili.

Leo nimepita dukani kwa Muataz, kwa upelelezi tu. Makopo yamepangwa dirishani: "Ufuta wa Shangazi, Makurunge." Maandishi mazuri, mafupi. Nikauliza nani ameyatunga. Hajra! Katibu wangu! Amejiuzulu UVIBIHAPWA kwa barua ya mstari mmoja na sasa anaandika lebo na kupanga oda. Nimemwambia huu ni usaliti wa harakati. Akanijibu kwamba harakati ilikuwa inadai ufuta usiondoke ghafi, utwangwe hapa hapa, thamani ibaki kwa mkulima. Na kwamba hilo ndilo analoandika kwenye kopo, ila kwa maneno machache. Akanitazama kwa muda, kana kwamba anasubiri nifike mahali fulani.

Sikufika, kwa sababu wakati ule ule Muataz alikuwa anapokea simu. Kambi ya mafundi wa Kichina wanaojenga ghala huko njiani Mapinga. Mpishi wao ameonja. Wanataka katoni sita, na wameuliza kama wanaweza kupeleka nyingine kwao wakienda likizo.

Makomredi! Mnaliona? Jana walichukua ufuta wetu ghafi. Leo wanachukua hadi uliotwangwa! Hawatosheki! Tukiwapa malighafi wanaibeba, tukiwapa bidhaa wanainunua, na wanailipia bila hata kubishana! Taifa kubwa kiasi kile haliwezi kula kitu cha Shangazi yangu kwa nia njema. Kuna mpango. Sijaugundua, na kutogunduliwa kwake ndiko kunakothibitisha ustadi wao.

Ndiyo maana natangaza mapambano mapya: kuzuia katoni ile ya kwanza isivuke barabara, hadi Uchina itie saini ibara zote kumi na nne. Mkutano Mkuu utafanyika Jumapili tarehe tatu Agosti, saa tatu kamili asubuhi, pale kijiwe cha bodaboda, Dunda. Kutokana na mabadiliko ya uanachama, katiba imerekebishwa leo na akidi sasa ni mtu mmoja.

Nitafika saa mbili na nusu, nijihakikishie nafasi ya mbele.